Bageti Zilizokaushwa kwenye Mbabula

Mufulira, tarehe 8 Oktoba 1961

Kwa Manseba wangu Symphorien,

Moyo, Manseba, kama tunavyosalimiana kwetu, na moyo kwa mama. Nimefika mzima. Naliandika neno hilo mbele ya mengine kwa sababu najua mama amesimama nyuma yako sasa hivi na anasema, "Soma kwanza kama iko muzima." Mwambie ni mzima. Mguu uliovimba njiani umerudi kuwa kama mwenzake.

Nilivuka mpaka pale Mokambo siku ya tatu. Askari wa mpakani alifungua mfuko wangu akakuta miwani yangu nyeusi ya kuchomelea. Akaivaa, akatazama juu, akasema, "Kumbe jua iko kadogo hivi!" Akacheka peke yake, akanirudishia, akaniacha nipite.

Ninalala kwa Bwalya, yule Mbemba tuliyefanya naye kazi huko Elisabethville kabla hajarudi kwao. Mke wake Annie ananipikia pamoja na watoto wake na hanuni, lakini nyumba ni ndogo na mimi ni mrefu.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kampuni hapa inayochomelea mabomba ya kutoa maji chini ya mgodi. Mwaka huu imeanza kuwapokea weusi kama mafundi wa mabomba, si wasaidizi tu. Mtihani ni tarehe 12 Januari. Wanakupa vipande viwili vya bomba vilivyofungwa kwenye chuma, havizunguki, ni wewe unayezunguka. Una saa nne. Ukimaliza wanakata vijisehemu vinne kutoka kwenye kiungo na kuvikunja kwa mashine. Kikipasuka kimoja, umekwenda.

Ukifaulu unapewa nyumba ya vyumba viwili na karatasi ya kuleta jamaa zako. Katika fomu kuna mistari ya majina. Nimeandika mawili: Hortense, mama yangu, Symphorien, mjomba wangu. Kwa hiyo ujue, Manseba, sifanyi mtihani kwa ajili yangu. Nataka mtoke katika hema lile la kambini kabla mvua haijawachosha.

Tabaka la kwanza, lile la mzizi, wanamwachia fundi achague njia yake: moto wa gesi ao bageti ya umeme, kile kijiti cha chuma chenye ganda. Ipo pia mashine ya argoni, lakini hiyo mweusi haigusi. Nichague nini? Andika upesi. Posta siiamini tena. Mpe barua Marceline, yule mama muuza samaki wa Kasenga. Anapita Mokambo kila baada ya wiki mbili tatu na kila afisa wa pale anamwogopa.

Mwipwa wako,
Donat


Elisabethville, kambini, tarehe 29 Oktoba 1961

Mwipwa wangu Donat,

Moyo. Barua yako imetufikia, na mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu kama ulivyosema. Alipoona umekisia, alikwenda kukaa mbele yangu ili uwe umekosea.

Sisi tungali kambini pamoja na watu wetu wa Kasai, wote tuliokimbia mji. Hema limehimili mvua ya kwanza. Maji tunapanga mstari, na katika mstari ule nimewakuta wanafunzi wangu saba wa zamani. Wote wananiita "Mwalimu" na hakuna anayenipisha mbele. Nyumba yetu mjini sijaiona tangu Septemba, na wale waliopita pale sikuwauliza.

Mama yako anaamuru niandike maneno yake kama yanavyotoka. Haya hapa: "Mwambie hii koti ya kahawia asiivae kwa mutihani, inamufanya kama mulevi. Mwambie amusaidie bibi ya Bwalya kuchota maji, asikae tu pale kama mugeni wa serikali. Na mwambie mimi sitalala mu chumba iko karibu na barabara." Nimemwambia nyumba bado haijapatikana. Amesema ndiyo maana anachagua mapema.

Tuje kwenye bomba. Kaa chini usome polepole, kama ulivyokuwa unafanya darasani ulipokuwa huna haraka.

Mzizi ni tabaka gumu kuliko yote kwa sababu unaujenga juu ya hewa. Tabaka la pili lina chuma chini yake, na la tatu pia. La kwanza lina pengo tu, na lazima liyeyushe midomo yote miwili ya bomba hadi ndani bila kudondoka ndani. Kwa hiyo swali la njia ni swali la namna unavyotaka kutawala pengo.

Moto wa gesi unakuonyesha kila kitu. Shalumo, ile bomba ya kutoa moto, mkono wa kulia, waya mkono wa kushoto, na mbele yako kijitundu kinachokimbia. Kikiwa kikubwa unarudi nyuma, kikiziba unasogea. Ubaya wake ni kwenda polepole. Bomba la ukuta mnene, kama milimita kumi, linakunywa joto lote, linavutika, linapinda. Katika saa nne utabaki ukitazama saa.

Bageti ya umeme ni ya haraka, joto lake halitawanyiki, na chuma chake ni imara. Ubaya wake ni kwamba unaona kidogo. Inabidi usikie zaidi kuliko kuona. Acha pengo la unene wa waya wa baiskeli, saga midomo ya bomba isiwe kama wembe, shika bageti karibu, na panda kutoka chini kwenda juu.

Argoni niliiona mara moja tu, mwaka wa hamsini na nane, na ilikuwa nzuri kama kushona. Tusiizungumze.

Nakushauri bageti. Na sasa neno ulilolisikia kwangu kila asubuhi kwa miaka mitatu, nililowaambia vijana wote kwa miaka kumi na tisa: kausha bageti zako. Unyevu ukiingia katika udongo unaofunika bageti unageuka mvuke ndani ya chuma na kuacha matundu. Zikaushe kwa saa mbili, zitumie zingali na joto.

Mama yako anauliza kama nimemaliza kukufundisha ili naye aseme kwaheri. Anasema kwaheri.

Manseba wako,
Symphorien


Mufulira, tarehe 19 Novemba 1961

Manseba, na mama,

Moyo wenu nyote wawili. Asante kwa barua. Niliisoma mara nne, na ya tano nilimsomea Bwalya, akasema, "Mujomba yako anaandika kama anakata nguo." Koti la kahawia nimemwachia yeye. Maji nachota, mama. Annie anashuhudia.

Nimeamua bageti. Nimeanza kufanya mazoezi kwenye vipande vibovu. Wametugawia bageti kumi kila mtu, mkononi, bila pakiti, na zile ndizo za mtihani pia, kwa hiyo nazitumia kwa uchoyo. Si nyeupe kama zetu za shuleni. Hizi ni za kahawia, na zikipata joto zinanuka kama karatasi inayoungua. Ya kwanza niliichoma kama ilivyo, nikaogopa: ilinguruma, ikatema cheche, ikatoa moshi kama lori bovu. Nikakumbuka maneno yako. Tanuri sina, lakini Annie ananiachia mbabula yake, jiko lake la makaa, akimaliza kupika. Naweka bati juu ya makaa, napanga bageti zangu juu yake, nazigeuza kama samaki. Annie anasimama mlangoni na kuuliza, "Shemeji, hizi zikiiva utatuita?" Anacheka, lakini mbabula ananipa.

Na kweli, Manseba, ya pili niliyoikausha ilitulia kabisa. Nilisema moyoni, huyu mzee yuko mbali na bado anaona.

Nimempa Marceline kitambaa cha kichwa kwa ajili ya mama, cha bluu chenye ndege, na sukari kidogo. Mama, usikifiche sandukuni. Kivae.

Donat


Elisabethville, kambini, tarehe 9 Januari 1962

Mwipwa wangu Donat,

Moyo. Barua yako ya Novemba iliingia mikononi mwangu tarehe 2 Desemba. Tarehe 5 vita vilianza tena mjini, na hadi karibu na Noeli hakuna aliyepita.

Nisikilize. Bageti zako USIZIKAUSHE. Kosa ni langu. Niliandika nikidhani ni zile nyeupe, kwa sababu shuleni kwetu hatukuwahi kuwa na nyingine. Za kahawia zimefunikwa kwa unga wa mbao na karatasi, na unyevu kidogo ulio ndani yake ndio nguvu yake. Ule mngurumo uliouogopa ni pumzi yake inayosukuma chuma hadi ndani ya pengo. Ukiikausha inatulia, na ikitulia haifiki chini. Zilizokwisha kukaa kwenye mbabula ziache. Omba nyingine. Ukikosa, chagua gesi, hata kama utachelewa.

Mama yako anakusalimu.

Symphorien


Mufulira, tarehe 18 Januari 1962

Manseba,

Moyo. Barua yako ya tarehe 9 nimeipata tarehe 16, siku nne baada ya mtihani, lakini usihuzunike, haikudhuru. Nimefaulu.

Mwambie mama. Mwambie kwa sauti, ili majirani wa hema wasikie. Nilianza saa moja asubuhi. Bageti iliwaka kimya kama mshumaa, bila moshi, nikazunguka bomba lote pasipo kusimama. Mzungu mkaguzi alitikisa kichwa tu. Ndiyo desturi yao. Nyumba itachelewa kidogo kwa sababu ya karatasi. Labda Machi, labda Aprili. Mama achague chumba chochote, vyote viwili viko mbali na barabara.

Nilimuuliza Marceline, "Mama iko namna gani? Alivaa kitambaa?" Akanijibu, "Weye unanunua samaki ao haununui? Niko na bantu wanangoja." Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Amechoka na safari, nadhani.

Safari hii mama hakuniandikia maneno yake. Mwambie nimeliona hilo.

Donat


Elisabethville, kambini, tarehe 11 Februari 1962

Mwipwa wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara nilianza na habari za mvua. Leo naziacha.

Hukufaulu. Umeandika kwamba bageti iliwaka kimya kama mshumaa, bila moshi. Bageti ile ikiwa na uhai wake haiwaki kimya hata mbele ya askofu. Ikiwaka hivyo imekwisha kufa, na mzizi unabaki na matundu. Walipokunja vipande vilifunguka. Siulizi vingapi. Nimefundisha miaka kumi na tisa, Donat. Mtu hawezi kunidanganya kwa maneno ya kazi yangu mwenyewe. Ulidanganya ili mama yako afurahi. Kwa sababu hiyo siwezi kukukaripia, na kwa sababu nyingine iliyo mbaya zaidi.

Mama yako hayupo. Dada yangu Hortense alifariki tarehe 9 Desemba, Jumamosi, mchana. Ilikuwa ile homa ya tumbo iliyochukua wengi hapa, siku nne tu. Risasi zilikuwa zinalia upande wa mjini na yeye alikuwa ananiuliza kama ni radi, nikamwambia ni radi. Kitambaa chako alikuwa amekipata wiki ileile. Alikifunga kichwani mara moja, akawazungukia majirani watatu, akakifungua, akasema kitachafuka. Tumemzika nacho. Hakukuwa na mbao za msalaba ila ubao wa sanduku la sabuni. Nilipasha msumari kwenye moto nikaandika jina lake herufi kwa herufi. Ni kazi safi.

Sasa sikiliza lile ninaloona aibu kuliandika. Barua ya kukukataza kukausha bageti niliiandika jioni ya tarehe 2 Desemba, mistari sita, mara tu nilipomaliza kusoma yako. Marceline alikuja kuichukua tarehe 28. Barua ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Ilikosa kitu kimoja tu, salamu za mama yako. Nikawaza: nikiandika anakusalimu, nimemtia maneno maiti mdomoni. Nisipoandika, utajua. Na ukijua, wewe ni mtu wa kwetu: mwenye kilio hashiki moto. Utaweka miwani chini, utarudi kwa njia ya Mokambo kuja kulia kaburini, utakamatwa njiani ao utakosa mtihani, na nyumba haitakuwepo. Nilitaka ufanye mtihani kwanza. Nikamwambia Marceline, "Sijamaliza, upite safari nyingine." Akaniangalia, akasema, "Baba, barua ya namna gani inangojewa hivi? Mutoto anaulizaka kila mara." Nikamwapisha anyamaze.

Alirudi tarehe 9 Januari. Nikaandika upya nikaweka ile sentensi moja ya uongo, na ndiyo iliyofika siku nne baada ya kazi kwisha. Ningempa ile ya kwanza tarehe 28, ungeisoma mwanzoni mwa Januari. Ungekuwa na muda wa kutosha kuomba bageti nyingine.

Nimepiga hesabu ya siku hizo mara nyingi, na kila mara zinatosha.

Si vita vilivyokuangusha. Ni mimi, mara mbili: mara ya kwanza kwa kukufundisha bila kuuliza una bageti gani, mara ya pili kwa kunyamaza.

Symphorien


Mufulira, tarehe 4 Machi 1962

Manseba,

Moyo.

Viwili vilifunguka. Mkaguzi alinipa kimoja nikashika mkononi. Ndani kilikuwa na matundu kama mkate. Sasa nachimba mitaro ya kulazia mabomba yanayochomelewa na wengine. Bwalya amezungumza na msimamizi wake, na mwezi wa sita nitaruhusiwa kurudia, mara moja tu.

Nimekaa kilio siku tatu. Nilipomwambia Annie, alichukua maji akamwaga juu ya makaa ya mbabula yake, akawa anapika kwa jirani hadi siku ya tatu. Mbabula ileile. Niliitazama imelowa pale mlangoni, nikashindwa kuangalia pengine.

Nina hasira, Manseba. Si kwa ajili ya bageti. Bageti ningeweza kumuuliza mtu yeyote hapa, hata Bwalya, lakini nilitaka neno litoke kwako. Nina hasira kwa ajili ya Noeli. Siku ya Noeli Bwalya alileta gitaa na mimi nilicheza. Nilicheza sana, watoto wakanishangilia. Mama alikuwa na siku kumi na sita chini ya ardhi na mimi nilikuwa ninacheza kwa watu, katika nchi ya watu, nikiwa sijui. Hiyo utanirudishia namna gani?

Sitauliza tena. Nimeuliza mara moja.

Jina lako lingali katika fomu. Sijabadilisha chochote. Njoo wewe basi. Usingoje mtihani, njoo na Marceline, tutabanana.

Donat


Elisabethville, kambini, tarehe 20 Mei 1962

Mwipwa wangu Donat,

Moyo kwako, na moyo kwa nyumba ya Bwalya, hasa kwa yule mama aliyezima moto wake kwa ajili ya dada yangu asiyemjua. Mpe mkono kwa niaba yangu.

Swali lako la Noeli bado ninalo. Nimelibeba tangu Machi, ndiyo sababu nimechelewa. Nilidhani litapungua.

Kambi inavunjwa. Wanatupeleka Kasai kwa treni, kundi baada ya kundi, na zamu yangu ni wiki ijayo. Najua umesema nije kwako. Siji, na sababu unaijua kama wewe ni mtu wa kwetu. Mama yako ana dada mkubwa na kaka wawili kijijini ambao hawajaambiwa. Habari ya namna hiyo hairuki kwa barua. Lazima ndugu aliyekuwepo akae mbele yao na kuisema kwa mdomo, na kuulizwa, na kujibu. Wataniuliza alikufa akiwa na nani. Wataniuliza kwa nini mtoto hakuambiwa. Nitawajibu mbele ya wote. Nimeshakunyima wewe haki hiyo, sitawanyima na wao. Nabeba sanduku lake. Ndani mna nguo mbili, rozari, na sukari yako ambayo hakuifungua.

Utaona herufi zangu zimekuwa kubwa, kwa sababu ya macho. Usiulize.

Kuhusu mwezi wa sita. Ungetaka nikuambie gesi ao bageti. Mwaka jana nilikuambia, na nilikuambia kwa uhakika sana. Safari hii nitakupa maswali tu, na uyaulize mbele ya bomba, si mbele ya barua yangu. Ukuta una unene gani? Ulichoshika mkononi kimetengenezwa kwa kitu gani, na kinataka nini: joto, ukavu, ao kuachwa kilivyo? Pengo lako unaliona, ao unalisikia tu? Na kama hujui, ni nani hapo, karibu yako, anayejua? Muulize huyo, hata kama si mwalimu. Hayo ndiyo niliyopaswa kuwauliza vijana wangu kila asubuhi, badala ya kuwaambia wakaushe.

Ukitaka kuandika, tuma kwa misioni ya Bakwanga. Watanitafuta.

Shala bimpe, baki salama, mwipwa. Mama yako aliwahi kuniambia kwamba utakuwa fundi kuliko mimi, kwa sababu wewe unaogopa kidogo. Nilikasirika wakati ule. Nakupa maneno yake, maana ni yake kweli.

Manseba wako,
Symphorien


Mufulira, tarehe 1 Julai 1962

Kwa Manseba Symphorien, misioni ya Bakwanga

Moyo, Manseba, na moyo kwa mama mkubwa na kwa wajomba wote. Sijui kama wewe ndiye utakayeisoma hii ao atakusomea mwingine. Kama ni mwingine, namwomba asome polepole.

Nilifanya mtihani tarehe 22 Juni. Nilichagua bageti za kahawia. Nilimuuliza mzee mmoja anayefagia karakana, amekaa hapa miaka ishirini, akasema, "Zitoe sandukuni, uzitumie. Ikikulalamikia, uiache ilalamike." Ilinguruma, ikanitemea shingoni, alama ninayo. Moshi ulijaa hadi sikuona kitu, kwa hiyo nilisikiliza. Nilizunguka lile bomba nikisikiliza.

Vipande vinne wamevikunja. Hakuna kilichofunguka. Safari hii si uongo; nimekitia kimoja katika bahasha ya karatasi ngumu, Marceline atampa dereva wa misioni. Kipapase kwa kidole upande wa ndani. Utajua.

Nyumba nimepewa jana. Vyumba ni viwili kama walivyosema, na vyote viko karibu na barabara. Nilikudanganya hata hapo. Annie amenizawadia mbabula ile, nimeiwasha, na nimekula peke yangu.

Karani alinirudishia fomu niisahihishe kabla ya kupiga muhuri. Akaniuliza, "Hawa wawili watafika lini?" Jina la kwanza nimelifuta mwenyewe, kwa mstari mmoja, ili lisomeke. La pili aliniuliza kama nilifute pia, kwa kuwa Kasai ni mbali na njia imefungwa.

Nimemwambia aliache.

Mwipwa wako,
Donat